Picha ya babu imekataa rangi: dalili, chanzo na tiba

Huku Nyanda za Juu Kusini familia nyingi zina picha moja tu ya babu au bibi: ile ya studio, nyeusi na nyeupe, iliyotundikwa juu ya kochi au kufichwa kwenye sanduku la bati pamoja na kadi ya TANU na stakabadhi za kodi. Kuitia rangi siku hizi ni kazi ya dakika moja kwenye simu. Shida huanza pale familia inapoitazama na kusema, "Huyu siye."

Nimepanga mwongozo huu kwa kufuata malalamiko yenyewe. Mengi yanaonekana ni ya rangi, lakini ukiyachimba unakuta chanzo ni kwamba hatumjui vya kutosha aliyepigwa picha, basi programu inamjazia mambo yake. Ndiyo maana ufundi wa picha na uchunguzi wa maisha vimechanganywa humu. Havitenganiki.

Picha imenatia kioo cha fremu

Malalamiko haya hutoka zaidi Tukuyu na Rungwe kwa jumla, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Uso wa picha ya zamani ni jelatini. Ikilowa hulainika, ikikauka imeshikana na kioo. Usiibandue, usiipulizie mvuke wa birika, usipitishe kisu. Iskani ikiwa hapohapo kwenye kioo chake, au ipige picha kivulini huku umeshika kitambaa cheusi nyuma ya simu ili kuua mng'ao. Picha nyingine za ukutani ambazo bado ni nzima zitoe, uwekee vipande vya kadibodi pembeni ili zisigusane na kioo.

Picha ikikuzwa inakuwa miraba-miraba

Iliskaniwa steshenari kwa kiwango cha hati za kawaida, kisha ikatumwa WhatsApp kama picha, na WhatsApp ikaibana. Omba dpi (nukta kwa inchi) 600 kwa picha ya ukubwa wa postikadi na 1,200 kwa ile ndogo ya pasipoti, faili liwe TIFF, aina isiyopoteza ubora, litumwe kama hati au kwa flashi. Skani kwa rangi hata kama picha haina rangi. Doa la chai, wino wa muhuri na unjano wa karatasi vinatenganishika vikiwa na rangi zao. Ukiskani kwa kijivu, vyote vinageuka kuwa sehemu ya uso wa bibi.

Karatasi zenye vinundu mfano wa hariri, zilizopendwa sana miaka ya 1970, hutoa nukta zilizojipanga usoni. Skani mara mbili, ya pili ukiwa umeigeuza picha juu chini, kisha zilaze pamoja kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ya juu ikiwa na uwazi wa nusu. Nukta nyingi zitafutana.

Kuna mng'ao wa buluu kama chuma sehemu za giza, au picha nzima imekuwa njano

Mng'ao ni chembe za fedha za picha yenyewe zilizopanda juu kwa sababu ya unyevu na hewa chafu. Unjano wa mabaka mara nyingi ni dawa iliyobaki kwenye karatasi kwa sababu mpigapicha aliharakisha kuisuuza, na moshi wa jikoni humalizia. Lakini kuna picha za kahawia zilizo nzima kabisa. Hizo zilitiwa sepia studio kwa makusudi, fedha ikageuzwa kuwa salfaidi, na kwa kweli ndizo zinazodumu. Tofauti utaiona kwenye vivuli: picha iliyochakaa vivuli vyake vimekonda, ya sepia vivuli vyake bado vimejaa.

Picha ya rangi ya miaka ya 1970 au 1980 iliyogeuka nyekundu usiitie rangi upya. Rangi zake bado zimo, ila ile ya samawati imetoroka kuliko nyingine. Irekebishe kwa kupandisha samawati taratibu, uache mashine ya kukisia ilale.

Uso umekuwa wa majivu, au umeiva chungwa

Hapa ndipo watu wanaponiita, kwa hiyo nitakaa.

Programu ya kutia rangi haigusi mwanga wa picha. Inaacha giza na weupe vilivyo, kisha inakisia rangi za kuweka juu yake. Imejifunza kukisia kwa kuonyeshwa picha za kisasa zilizoondolewa rangi na kuambiwa jibu sahihi. DeOldify, iliyotoka 2018 na kufuatwa na nyingine nyingi, ilifunzwa kwa hazina iitwayo ImageNet, yenye picha zaidi ya milioni moja ambazo nyingi zilitoka Marekani na Ulaya. Mzee wa Kihehe aliyejifunga mgolole hakuwa mwalimu wa mashine hiyo. Ikikosa uhakika inachagua rangi ya kati ya zote inazozijua, na rangi ya kati ya zote ni kijivu chenye ukahawia. Watafiti wa Marekani waliieleza tabia hii tangu 2016.

Sababu ya pili ni filamu. Sahani za kioo na filamu za mwanzo ziliona buluu tu. Zilizofuata, za othokromatiki, ziliongeza kijani lakini hazikuona nyekundu. Ngozi yetu hurudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko wa buluu, kwa hiyo filamu hizo ziliifanya iwe nyeusi kuliko macho yalivyoiona. Filamu maarufu ya kamera ndogo, Verichrome ya Kodak, ilikuwa othokromatiki tangu 1931 hadi ilipobadilishwa 1956. Hivyo basi, wajukuu wakisema babu alikuwa mweusi tii "kwa sababu picha inaonyesha", na shangazi akashikilia kwamba alikuwa maji ya kunde, mimi namsikiliza shangazi.

Tiba ni kuacha kukisia. Mtafute ndugu aliye hai ambaye wazee wanasema "huyu ndiye babu mtupu", umpige picha nje kivulini siku ya mawingu. Chukua rangi za ngozi kutoka hapo, si moja bali nne au tano: paji la uso lina unjano kidogo, mashavu na masikio yana wekundu, kidevu cha mwanaume aliyenyoa kina ubluu, viganja na ndani ya mdomo vimekolea upinki. Zipake kwenye leya mpya, yaani tabaka juu ya picha, uliyoiweka hali ya rangi (Color) ili mwanga wa chini usiguswe. Sehemu inayong'aa pajini punguza rangi karibu iishe, kwa sababu pale ngozi inarudisha mwanga wa anga. Vivuli usivipake nyeusi, vipake kahawia yenye wekundu. Weupe wa macho usiwe mweupe. Ukifanya hili peke yake, nusu ya malalamiko yanaisha.

Sura imekuwa nzuri mno, lakini si yake

Umetumia kitufe cha kuboresha uso. Kinachofanya si kusafisha: kinachora uso mpya unaofanana na wa zamani. Matokeo yake mwanya wa bibi umezibwa, chale za mashavuni zimefutwa, jicho lenye mtoto wa jicho limekuwa zima, na mtu wa miaka 60 amekuwa wa 35. Kila mwenye ukoo anajua mwanya ule umerithiwa na nani. Zima kitufe hicho, toa mikwaruzo kwa mkono, na ubaki na uso wenye ukungu kidogo ulio wa kwake.

Nguo zote zimekuwa kahawia au buluu iliyofifia

Chanzo ni kilekile cha kukisia, na filamu inaongeza mtego wake. Kwenye othokromatiki nyekundu hutoka nyeusi na buluu hafifu hutoka nyeupe. Koti unaloliona jeusi linaweza kuwa la damu ya mzee, na shati "jeupe" linaweza kuwa la samawati. Usiamini macho, tafuta kitu cha kupimia ndani ya picha: bendera, muhuri, pakiti ya sigara, utepe wa medali, kitu chochote ambacho rangi yake inajulikana. Ukijua nyekundu imetoka na giza gani, umepata kipimo cha vyekundu vingine.

Medali ni dhahabu kwa kazi hii. Vijana wengi wa Tanganyika walikwenda vita ya 1939 hadi 1945 wakiwa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, wengine wakafika Burma. Utepe wa nyota ya Burma ni buluu nzito, katikati mstari mpana mwekundu, na kila upande wa buluu una mstari wa chungwa. Wa nyota ya Afrika ni rangi ya mchanga, katikati nyekundu, upande mmoja buluu nzito na mwingine buluu hafifu. Ukizitambua hizo umepata rangi, na umepata pia njia aliyopita babu. Aliyevaa ya Burma hakubaki kulinda stoo Dodoma, hata kama simulizi ya ukoo ndivyo inavyosema.

Kanga nazo zisome. Pindo, mji na maandishi yake vikionekana, nenda kwa wauza kanga wa zamani au kwa bibi wenye masanduku. Kanga haitupwi ovyo, na mara nyingine ile ya kwenye picha bado ipo, imefungiwa vitu vya mtoto. Kaniki na merikani hazina fumbo: ya kwanza ni buluu iliyokolea hadi weusi, ya pili ni nyeupe isiyopaushwa, yenye unjano. Wanaotia kaniki zambarau sijui wanaitoa wapi.

Mimi hugawa rangi za kila picha mafungu matatu: zilizothibitishwa kwa kitu kilichopo au shahidi, zilizopimwa ndani ya picha, na za kukisia. Orodha hiyo huiandika kwenye faili la maandishi linalokaa folda moja na picha. Mteja akiuliza kwa nini tai ni ya kijani, jibu lipo.

Kuna kitu hakikai sawa, lakini hujui ni nini

Angalia vifungo. Shati la kiume upande wa kushoto wa mvaaji hulala juu ya wa kulia, mfuko wa kifuani huwa kushoto, na saa wengi huvaa mkono wa kushoto. Vyote vikiwa kinyume, negativu ilichapwa ikiwa imegeuzwa. Igeuze kabla ya kazi nyingine yoyote, la sivyo utaanza kuuliza kwa nini babu alikuwa wa mkono wa kushoto.

Nyuma imeandikwa "Mbeya 1912"

Mji wa Mbeya ulianza 1927, enzi za dhahabu ya Lupa kule Chunya. Mwaka 1912 pangekuwa Rungwe, Utengule, au Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg. Aliyeandika alikuwa anakumbuka, na huenda aliandika miaka mingi baadaye. Tazama wino: kalamu za biro zilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1940, kwa hiyo maandishi ya biro hayawezi kuwa ya 1912.

Karatasi pia inasema. Azima taa ya dukani ya kukagulia noti bandia, umulike picha gizani. Ikiwaka weupe wa buluu, karatasi ina dawa ya kung'arisha iliyoanza kutiwa miaka ya 1950. Ikiwa ya plastiki na haichaniki kama karatasi, ni ya karibu 1970 au baada ya hapo. Lakini hapo umejua umri wa karatasi tu. Picha nyingi majumbani ni nakala: ndugu wanne waligawana picha moja kwa kuipiga picha tena studio. Ukiona kivuli cha ukingo au pini ndani ya picha, una nakala mkononi, na ya asili iko kwa mtoto wa mke mwingine.

Suti inamkaa vibaya, na hakuna anayekumbuka alikuwa nayo

Huenda ilikuwa ya studio. Koti, tai, saa, redio, baiskeli, hata viatu viliazimwa kwa dakika za kupigwa picha. Linganisha na picha nyingine za studio hiyohiyo: koti moja likiwa limevaliwa na wanaume wawili wasiojuana, na pazia nyuma ni lile la ua na nguzo, jibu umelipata.

Uwezekano wa pili ni kwamba picha haikupigwa hapa. Wanaume wengi wa Rungwe walikwenda migodi ya Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika la kuandikisha vibarua wa migodi, wengine migodi ya shaba kule Zambia ya leo. Kutoka Ubena na Uhehe wengi walichukuliwa manamba mashamba ya mkonge. Picha ilitumwa nyumbani kuonyesha kwamba kijana yu hai na amefanikiwa. Tafuta muhuri wa studio nyuma. Usipouona, uliza swali ambalo halihusu picha: "Alirudi na nini?" Blanketi, gramafoni, sanduku la bati lenye ua, vyote vina mji vilikonunuliwa, na mara nyingine vina rangi unayoitafuta.

Jina halionekani kwenye kumbukumbu zozote

Kwanza, unatafuta jina ambalo hakuwa nalo. Mtu mmoja angeweza kuwa na jina la kuzaliwa, la ubatizo, la kipande cha kazi na la utani kambini. Jina la babu hupewa mjukuu, kwa hiyo usishangae kumkuta aliyebatizwa miaka 50 kabla ya kuzaliwa kwake.

Pili, mwandishi alikuwa mgeni. Vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki viliandikwa Kilatini: Yohana ni Ioannes, Yosefu ni Iosephus. Wajerumani waliandika j mahali pa y, u mahali pa w, wakarudufu s na kuchanganya l na r. Tosamaganga utaikuta Tossamaganga, Usangu itakuwa Ussangu. Majina ya Kinyakyusa yanayoanza na Mwa- yatafute pia kwa Mua-. Na Wanyakyusa wenyewe mara nyingi wameandikwa Wakonde. Anayetafuta "Nyakyusa" kwenye mkusanyo wa picha za kikoloni wa Frankfurt anaweza kuondoka mikono mitupu huku waliokuwa wanamsubiri wako chini ya "Konde" na "Langenburg".

Tatu, kitabu kiko kwingine. Wamoravian walianza Rungwe 1891 na nyaraka zao kuu ziko Herrnhut, Ujerumani. Baada ya Wajerumani kuondolewa katika vita ya kwanza, Waskoti wa misheni ya Livingstonia, Malawi ya leo, walishika kazi hiyo kwa miaka kadhaa, hivyo pengo linaloonekana Rungwe si lazima liwe pengo. Iringa, Wakonsolata kutoka Italia walifika 1919 na kurithi misheni zilizoanzishwa na Wabenediktini. Anza na parokia au usharika wa karibu, ukiwa na barua ya mzee wa ukoo na mwaka wa kukisia. Ukienda na "naomba kuangalia vitabu vyote" utaambiwa katibu amesafiri. Kumbukumbu za serikali, pamoja na vitabu vya wilaya, ziko Dar es Salaam kwenye nyaraka za taifa.

Wazee wawili wametaja watu wawili tofauti

Chunguza uliuliza vipi. Ukimwonyesha mzee picha iliyokwisha kutiwa rangi, rangi inamshawishi: koti la kijani linamkumbusha mtu mwenye koti la kijani. Peleka ile isiyo na rangi, kwa mzee mmoja mmoja, na usitaje jina. "Shikamoo bibi" au "Kamwene" kwanza, maongezi ya mazao kwanza, picha baadaye. Kisha anza na vitu: "Hiki kiti mnakijua?" Mkipata kiti, mmepata nyumba, na nyumba ina watu wake.

Kwa miaka, usiulize tarehe. Uliza ilikuwa kabla au baada ya nini. Iringa fuvu la Mkwawa lilirudi 1954, na Mkuu wa Mkoa Dkt. Klerruu aliuawa Ismani Krismasi ya 1971. Mbeya wana ujenzi wa reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975. Karibu kila mzee anakumbuka alikuwa na umri gani, ameoa au hajaoa, mambo hayo yalipotokea.

Kwa rangi, chukua vipande vya vitambaa vya fundi cherehani, uvitandaze mkekani bila kusema kitu. Mkono wa bibi utachagua haraka kuliko mdomo wake utakavyoeleza. Wakibaki wamegawanyika, andika majibu yote mawili na nguo iache ya kijivu. Hakuna sheria inayosema picha yote lazima iwe na rangi.

Zipo picha za enzi za Mjerumani ambazo watu walipangwa mstari, wamevuliwa nguo, wapimwe na wageni. Hizo sizitii rangi hata nikilipwa, isipokuwa ukoo wao wenyewe uniombe na tumekaa tukazungumza.

Kwenye skrini ni nzuri, ikichapwa ni giza

Skrini ya simu inatoa mwanga wake, karatasi haina. Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia kwanza, vivuli vya shavu na shingo vinaungana na koti. Kabla ya kuchapa kubwa, kata kipande cha uso tu, kichape mara tatu kwenye karatasi moja: kama kilivyo, kikiwa kimeongezwa mwanga kidogo, na kikiwa kimeongezwa zaidi. Kitoe nje ya steshenari ukitazame mchana, maana taa za ndani hudanganya. Mara nyingi cha katikati ndicho. Mwambie mwenye mashine azime marekebisho ya rangi ya printa yake, la sivyo itaongeza wekundu bila kuulizwa, na shangazi atakurudishia kazi.